Rudia mpaka lini? Kicheko katika maelekezo ya vipodozi na maandishi ya kiufundi

Chukua chupa ya shampuu usome maelekezo yake. Mara nyingi utakuta amri tatu: sugua hadi itoe povu, suuza, rudia. Waandishi wa programu za kompyuta wameicheka amri hiyo ya mwisho kwa miaka mingi. Anayeitii neno kwa neno, wanasema, hatatoka bafuni, kwa kuwa hakuna palipoandikwa aache lini.

Ndani ya kicheko hicho mna somo la lugha. Katika makala yake ya 1975 kuhusu mantiki na mazungumzo, Paul Grice alieleza kwamba watu wanaozungumza hushirikiana: msemaji hutoa habari za kutosha, na msikilizaji hujaza yaliyoachwa. Msomaji wa chupa hujaza mwenyewe maneno "mara moja". Kompyuta haijazi kitu. Tunacheka kwa sababu tunamwazia mtu anayetenda kama mashine, hali ambayo Henri Bergson aliiona kuwa kiini cha kichekesho katika kitabu chake Le Rire (1900).

Kuna pia mzaha wa makusudi. Miongoni mwa hati za RFC, zinazoeleza kanuni za intaneti, imo RFC 2324 ya Larry Masinter, iliyotolewa tarehe 1 Aprili 1998. Inaeleza namna ya kuamuru birika la kahawa kupitia mtandao. Birika la chai likiombwa kahawa, linapaswa kukataa kwa msimbo 418 na kujitambulisha kuwa ni birika la chai. Lugha ya hati yenyewe haicheki hata kidogo: vifungu vina namba, na masharti yamepangwa kama katika hati nyingine zote. Mzaha unatokana na pengo kati ya sauti nzito na jambo jepesi.

Aina ya tatu inatuhusu sisi wanafunzi wa lugha: kichekesho kinachozaliwa na tafsiri. Vipodozi vingi katika maduka yetu vina maelekezo ya Kifaransa, na Kifaransa huweza kuagiza kwa kitenzi kisichonyambuliwa: appliquer, masser, rincer. Ukiandika "kupaka, kukanda, kusuuza", msomaji anangoja sentensi imalizike. Kiswahili huagiza kwa "paka" au "upake". Tena, usage externe ikigeuzwa kuwa "kwa matumizi ya nje", mtu ana haki ya kuuliza kama ni lazima apakie uani. Tutacheka, lakini kilichopotea ni onyo. Afadhali kuandika: "Paka kwenye ngozi tu. Usimeze."

Hapo ndipo mzaha unapogeuka hatari. Dawa nyingi za kunyoosha nywele zina hidroksidi ya sodiamu, kemikali inayotumika pia kutengenezea sabuni na kuzibulia mabomba. Huweza kuunguza ngozi ya kichwa. Msusi aliyevaa glavu, na mteja wake analalamika kwamba kichwa kinawaka, hana nafasi ya kutafuta utani ndani ya sentensi. Anataka kujua dakika ngapi na asuuze kwa nini. "Acha ikae kidogo" si kipimo. Wahenga walionya: mzaha mzaha, hutumbuka usaha.

Je, tuufukuze mzaha katika maandishi ya kiufundi? Hapana. Unaweza kukaa katika utangulizi au katika mfano, mahali ambapo asiyeuelewa hadhuriki. Hatua, kipimo, muda na onyo vibaki vikavu.

Kabla ya kukabidhi tafsiri yako, mpe mwenzako aitekeleze kama ilivyoandikwa, bila kujaza chochote. Akikuchekesha, usimlaumu: amekuonyesha mahali palipo na tundu. Lizibe kabla halijamfikia mtu mwenye dawa kichwani.