UWANJA WA GOFU ULIO MALI YA MJI

Katika nchi nyingi zilizotawaliwa na Waingereza, gofu ulikuwa mchezo wa mabwana. Mwenyeji aliingia uwanjani akiwa amebeba mfuko wa fimbo za mtu mwingine. Ndiyo maana wengi wetu, tusikiapo neno hilo, hufikiria ua mrefu na ardhi nzuri waliyonyimwa walio wengi. Lakini huko Scotland, mchezo huo ulikokulia, upo uwanja wenye historia iliyo kinyume cha hayo: Old Course wa mji wa St Andrews.

Uwanja huu umelala juu ya mchanga na majani, baina ya mji na bahari. Mashimo yake ni 18, idadi iliyofikiwa mwaka 1764 yalipopunguzwa kutoka 22, na ambayo baadaye ilifuatwa duniani kote. Mchezaji huanza mjini, akaenda hadi karibu na mlango wa mto Eden, kisha akarejea alikotoka. Njiani hukutana na wengine wanaorudi, kwa sababu mashimo 14 yamewekwa mawili mawili katika viunga saba vya nyasi fupi, na namba za kila jozi zikijumlishwa hufanya 18. Iko pia mitego ya mchanga 112, na ule mkubwa wa shimo la 14 umepewa jina la Jahanamu. Kwenye shimo la 17 barabara hupita nyuma ya nyasi, na mpira ukiangukia humo huchezwa pale pale. Hatimaye mchezaji huvuka daraja dogo la mawe, lililojengwa zamani kwa ajili ya wachungaji, akamalizia mbele ya nyumba za mji.

Hapo mwishoni ipo njia ya watu wote inayoukata uwanja. Mwenda kwa miguu akipita, bingwa husubiri. Na siku ya Jumapili, isipokuwa wakati wa mashindano machache makubwa, gofu husimama, na wenyeji hutembea humo pamoja na watoto wao. Mgeni asiye na cheo naye aweza kucheza: jina lake huingizwa katika kura siku mbili kabla, ingawa sehemu ya nafasi huuzwa mapema.

Haki hiyo haikushuka kama mvua. Mwaka 1552 Askofu Mkuu John Hamilton aliruhusiwa kufuga sungura mahali hapo, naye akatia muhuri hati inayokiri haki ya wenyeji kucheza gofu na mpira na kulisha mifugo yao. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwapo, na bado mali ilikaribia kupotea. Mwaka 1797 halmashauri ya mji, ikiwa imelemewa na madeni, iliiweka ardhi hiyo rehani, na baadaye ikaangukia mikononi mwa wafanyabiashara wa sungura. Wanyama hao wakachimba mashimo yao kila mahali, na ugomvi ukaingia mahakamani.

Mwaka 1821 mwenye shamba wa jirani, James Cheape, aliinunua ardhi ile na kuuokoa mchezo. Hata hivyo mji uliendelea kucheza kwa hisani ya mwenye mali, na hisani si haki. Ilihitajika sheria ya Bunge ya mwaka 1894 ndipo ardhi irudi kwa mji, na sheria nyingine ya mwaka 1974, mfumo wa serikali za mitaa ulipokuwa ukibadilishwa, iliyoiweka chini ya wadhamini wanaoiendesha kwa manufaa ya umma.

Sisi watu wa visiwa, ambao ardhi yetu ina mwisho kila upande, tuna sababu ya kuyatafakari hayo. Ufuo unaotolewa leo ili kuziba pengo la hazina waweza kuwagharimu wajukuu zetu karne nzima kuurudisha. Kila ofisa anayekalia jalada la ardhi ya ufukweni na ajiulize, kabla ya kutia saini, iwapo mkataba ulio mbele yake unamwachia mvuvi, mama mwanika mwani na mtoto njia yao ya kufika baharini, na iwapo njia hiyo imeandikwa kuwa haki yao.