Zana za Kuzamia kwa Mfuko Mdogo Ziwani Tanganyika

Vijana wanaozamia samaki wa mapambo kwenye miamba ya mwambao wa Kigoma hufanya kazi ambayo soko lake liko mbali sana na Ujiji. Samaki hao wadogo wenye rangi, ambao aina zao nyingi hazipatikani mahali pengine popote duniani, walikuwa wakisafirishwa kutoka upande wa Burundi miaka ya 1970, na leo hufugwa katika matangi ya vioo Ulaya na Marekani. Mzamiaji asiye na zana zake hutegemea za tajiri. Akipewa regulata inayovuja, huzama nayo au hukosa kibarua. Kujinunulia zana ni kujikomboa, lakini kwa kuwa mpya ni ghali, wengi hutafuta zilizokwisha kutumika, na hapo suala la fedha hugeuka kuwa suala la tiba.

Kifaa cha kununuliwa kwanza, tena kikiwa kipya, ni miwani ya kuzamia inayofunika macho pamoja na pua. Miwani ya kuogelea huacha pua nje, hivyo mzamiaji hana njia ya kuingiza hewa ndani yake maji yanapozidi kugandamiza. Miwani hiyo huyafyonza macho hadi mishipa midogo ikapasuka na weupe wa jicho ukajaa damu. Mgonjwa huyo anaweza kupewa dawa ya matone zahanati kwa kudhaniwa ana macho mekundu ya kuambukiza. Miwani nzuri hujaribiwa dukani bila gharama: ibandikwe usoni bila mkanda, mtu avute pumzi kwa pua, na ikishika bila kuanguka inamfaa. Mapezi hayana siri. Yasibane vidole, basi.

Regulata iliyotumika inaweza kununuliwa, ila bei yake ya kweli ni ile ya muuzaji pamoja na gharama ya matengenezo, maana mipira yake ya ndani huchakaa hata ikikaa kabatini. Mtungi nao hubeba historia yake shingoni: tarehe zilizogongwa hapo huonyesha ulipimwa lini kwa mgandamizo wa maji, kipimo ambacho katika nchi nyingi hurudiwa kila baada ya miaka 5. Mtungi wa alumini uliotengenezwa kabla ya 1990 ni wa kukataliwa hata ukitolewa bure, kwa sababu aloi iliyotumika katika mingi ya wakati huo huweza kupata nyufa shingoni, na mtungi uliojaa ukipasuka huua.

Hatari kubwa kuliko zote, hata hivyo, haionekani kwenye meza ya muuzaji. Ni hewa yenyewe. Sehemu nyingi duniani wavuvi maskini huvuta hewa kwa mpira kutoka kompresa ya kujazia matairi, kwa kuwa ndiyo rahisi kupatikana. Kompresa hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya mapafu: hutoa mvuke wa oili, na mdomo wake wa kuvutia hewa ukielekea moshi wa injini, humeza gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Kiasi ambacho juu ya maji kingeleta maumivu ya kichwa tu, kwenye kina cha mita 20 huwa na nguvu karibu mara 3. Mzamiaji huhisi kichefuchefu, hupanda, kisha huzimia karibu na uso wa ziwa. Waliobaki ndani ya mtumbwi husema amezama kwa uchovu. Fedha ya kujaza mtungi kwenye kompresa safi isipunguzwe hata kidogo. Kama ni lazima kupunguza, jaketi ya kuelea ya mtumba itafaa, mradi haivuji.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa pwani hawalazimiki kulijua. Uso wa Ziwa Tanganyika uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na majedwali ya kawaida ya kuzamia yametungwa kwa ajili ya bahari. Kwa hesabu za usalama, mita 30 za Kigoma zihesabiwe kama mita 33 hivi za Unguja. Anayenunua kompyuta ya kuzamia iliyotumika aulize kwanza kama inajirekebisha kwa mwinuko, zisizojirekebisha zinamdanganya. Tena nitrojeni iliyoyeyuka mwilini hutoka taratibu, na mtu akipanda haraka hufanya mapovu kama soda iliyofunguliwa ghafla. Kupanda basi kwenda Kasulu jioni ileile ni kuendelea kupanda, kwa kuwa mji huo uko mamia ya mita juu ya ziwa. Kwa ndege, aliyezama mara kadhaa asubiri angalau saa 18.

Nguo ya mpira huzuia baridi na mikwaruzo. Hairuhusiwi kuhesabiwa kinga ya kichocho, ambacho kipo mwambao huu. Mwenye pumu isiyodhibitiwa, kifafa au ngoma ya sikio iliyotoboka amwone daktari kabla ya kutoa hata shilingi.

Kwa mhudumu wa zahanati, kijana mwenye maumivu ya bega, ganzi, miguu kulegea au mkojo kuziba aulizwe: ulizama lini, mara ngapi, kina gani, ulipandaje? Kipimo cha malaria kisimalize mazungumzo. Alazwe chali, apewe oksijeni kwa kiwango cha juu kabisa kilichopo na maji ya kutosha, na asirudishwe ziwani "kuyayeyusha" mapovu. Wenye mtumbwi wakichanga pamoja, mtungi mmoja wa oksijeni na barakoa yake huwatosha wote, na ndicho kifaa ambacho hakuna mmoja wao angekinunua peke yake.