Kidirisha cha faili kinapokaidi mpangilio: Chanzo na tiba

Ni saa tano na dakika hamsini usiku. Zimesalia dakika kumi tu kabla ya muda wa kutuma maombi ya kazi kukamilika, na mwombaji anabonyeza kitufe cha kuambatisha wasifukazi. Kidirisha kinafunguka. Ndani yake mna faili sita zenye majina yanayokaribia kufanana: "CV", "CV mpya", "CV mpya 2", "CV ya mwisho" na nyinginezo za jamii hiyo. Hakuna tarehe wala ukubwa wa faili. Kuna vipicha vya karatasi vilivyojipanga safu kwa safu. Anachagua moja na kuituma. Kesho yake anatambua kwamba aliyoituma ni ya miaka mitatu iliyopita, yenye nambari ya simu aliyoiacha zamani.

Linaloudhi zaidi ni kwamba mtu huyu huenda alikuwa amelipanga kabrasha lake barabara. Kila alipolifungua moja kwa moja, aliona orodha yenye tarehe, faili mpya zaidi ikiwa juu. Kidirisha cha kuambatishia hakikuujali mpangilio huo hata kidogo.

Wengi hudhani kuwa tarakilishi imeharibika au imeingiliwa na virusi. La hasha. Kidirisha cha kufungulia au kuhifadhia faili hufanana na dirisha la kawaida la makabrasha kama shilingi kwa ya pili, lakini kila kimoja kina kumbukumbu yake.

Katika mfumo wa Windows, ambao ndio utumiwao na tarakilishi nyingi za ofisini na za mikahawa ya intaneti, habari za mwonekano wa makabrasha hutunzwa katika sajili, yaani ghala la mipangilio ya mfumo mzima. Humo mna vifungu viwili viitwavyo "BagMRU" na "Bags". Cha kwanza huorodhesha makabrasha yaliyowahi kufunguliwa, nacho cha pili hulipa kila kabrasha mfuko wake wa kuwekea mapendeleo ya mtumiaji: vipicha viwe vikubwa au vidogo, orodha ifuate majina au tarehe. Ndani ya mfuko huo, mapendeleo ya dirisha la kawaida hukaa mahali pake, na ya kidirisha hukaa pengine, chini ya jina "ComDlg". Anayebadilisha ya kwanza hajagusa ya pili.

Hali ilikuwa mbaya zaidi zamani. Katika Windows XP, iliyotolewa mwaka wa 2001, kidirisha kilifunguka kila mara kikiwa na orodha ya majina matupu. Mtumiaji angeweza kuomba aonyeshwe tarehe, akaonyeshwa, lakini alipokifunga na kukifungua tena, alirudishiwa majina yale yale. Ilikuwa kazi ya kufagia chini ya mwembe siku ya upepo. Isitoshe, mfumo huo ulikumbuka mwonekano wa makabrasha 400 pekee hadi ulipoongezewa kiwango, na yalipozidi hapo mengine yalisahauliwa.

Mabadiliko yalikuja na Windows Vista, iliyoanza kuuzwa kwa umma Januari 2007. Iliundiwa kidirisha kipya chenye uwezo wa kukumbuka, na matoleo yaliyofuata, kuanzia Windows 7 hadi Windows 11, yaliurithi mtindo huo. Hata hivyo, programu kadhaa zilizoandikwa kabla ya hapo bado hukiita kidirisha cha mtindo wa kale. Ndiyo sababu tarakilishi moja huweza kuonyesha sura mbili: programu ya kuandikia barua inatii, ile ya kuchapishia picha za vitambulisho inakaidi. Huyo mkaidi hatibiwi kwa kubadilisha mipangilio ya mfumo. Dawa ni kupata toleo jipya la programu yenyewe.

Ipo sababu nyingine ambayo watu hawaitambui upesi. Windows hulichunguza kabrasha na kukisia kazi yake, kisha hulivika mojawapo ya vazi tano: vitu vya kawaida, hati, picha, muziki au video. Kwa katibu wa kwaya anayeweka kumbukumbu za mikutano pamoja na nyimbo zilizorekodiwa, kabrasha linaweza kuamuliwa kuwa la muziki. Papo hapo safu ya tarehe ya mabadiliko inatoweka, na mahali pake pakajaa jina la mwimbaji na albamu. Vivyo hivyo kwa karani aliyejaza picha za stakabadhi katika kabrasha la hesabu: atakuta vipicha vikubwa vilivyojaza kioo, na hati anayoitafuta imezama chini. Kukisia huku kulikusudiwa kumrahisishia mtumiaji, lakini ofisini ambako faili za kila aina hukaa pamoja, huleta kero kuliko nafuu.

Tiba basi huanza kwa kulivua kabrasha vazi lisilolifaa. Mtumiaji hulibofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya, akachagua "Properties", kisha sehemu iitwayo "Customize", na hapo akateua "General items", yaani vitu vya kawaida. Akiweka alama kwenye kisanduku kilicho chini yake, makabrasha yote yaliyomo ndani yatafuata.

Hatua inayofuata ni kulifungua kabrasha hilo, kuchagua mwonekano wa "Details", ambao ndio wenye safu za tarehe, aina na ukubwa, na kubofya kichwa cha safu ya tarehe mpaka faili mpya ziwe juu. Mpangilio huo huenezwa kwa makabrasha mengine kupitia dirisha la "Options". Katika Windows 10 hupatikana chini ya "View", na katika Windows 11 nyuma ya vitone vitatu vilivyo juu. Humo, kwenye sehemu ya "View", mna kitufe cha "Apply to Folders". Wengi hukosea hapa: kitufe hicho hueneza mpangilio kwa makabrasha yaliyovikwa vazi moja tu. Aliyekibonyeza akiwa katika kabrasha la picha asishangae hati zake zikibaki zilivyokuwa.

Hata baada ya hayo, kidirisha huenda kikaendelea kuwa kaidi, kwa kuwa mfuko wake haujaguswa. Ni lazima kiambiwe chenyewe. Programu ikiwa imefungua kidirisha, mtumiaji aingie katika kabrasha husika, abonyeze kitufe cha mwonekano kilicho upande wa juu kulia, achague "Details", apange kwa tarehe, kisha aendelee kufungua au kuhifadhi faili kama kawaida. Safari nyingine kidirisha kitalikumbuka kabrasha hilo. Kwa anayetaka kuona tu mara moja bila kubadilisha mengi, kushikilia kitufe cha Ctrl huku akizungusha gurudumu la kipanya hubadilisha ukubwa wa vipicha hadi viwe orodha.

Wapo wanaopendekeza kuvifuta kabisa vifungu vya "Bags" na "BagMRU" ili mfumo uanze upya. Njia hiyo hufanya kazi, lakini hufuta mwonekano wa makabrasha yote, na mkono ukiteleza katika sajili madhara huwa makubwa. Asiyejua kuhifadhi nakala ya sajili kwanza heri aiache.

Kwenye tarakilishi za Apple, mwonekano wa kila kabrasha huandikwa katika faili iliyofichwa iitwayo ".DS_Store". Watumiaji wa Linux nao wana kilio chao. Ombi la kutaka kidirisha cha GTK, kinachotumiwa na programu nyingi za mfumo huo, kionyeshe vijipicha badala ya majina pekee liliwasilishwa mwaka wa 2004, na halikutimizwa hadi toleo la 4.10 lilipotolewa Machi 2023.

Kuna mpangilio mmoja ambao dirisha na kidirisha huutii kwa pamoja, nao ndio wenye hatari kubwa kuliko yote. Tangu Windows 95, mfumo huficha kiendelezi cha faili, yaani zile herufi za mwishoni baada ya nukta zinazotambulisha aina yake. Mnamo Mei 2000, barua pepe yenye maneno ya mapenzi ilisambaa duniani kutoka Ufilipino na kuambukiza mamilioni ya tarakilishi. Ilibeba faili "LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs". Kwa kuwa herufi tatu za mwisho zilifichwa, waliopokea waliona TXT, wakadhani ni maandishi matupu na kuifungua. Kumbe ilikuwa programu iliyoharibu faili zao na kujituma kwa kila aliyekuwa katika daftari lao la anwani.

Zaidi ya miongo miwili baadaye, viendelezi bado hufichwa hadi mtumiaji aseme vingine. Katika Windows 10, hufichuliwa kwa kuweka alama kwenye "File name extensions" chini ya "View". Katika Windows 11, chini ya "View" kisha "Show". Faida yake huonekana papo hapo hata kwa asiyeogopa virusi: mwombaji aliyetakiwa kuwasilisha PDF hatatuma faili ya Word yenye jina lile lile.

Kwa wanaotumia tarakilishi za kukodi kwa dakika, mipangilio hii haidumu kwa sababu mteja anayefuata ataibadilisha atakavyo. Kinachodumu humo ni kitu kingine. Kidirisha hukumbuka kabrasha la mwisho lililotumiwa, na kwa hivyo anayeketi baada ya mwenzake hufunguliwa moja kwa moja mahali palipo na nakala ya kitambulisho cha mwenzake, cheti chake cha KCSE na barua yake ya ajira. Faili zikifunguliwa na kuhifadhiwa katika diski ndogo ya mtumiaji mwenyewe, anaondoka nazo. Zilizokwisha kuachwa kwenye tarakilishi hufutwa kabla ya kulipa, na pipa la taka lililo kwenye kioo nalo likamwagwa.