Je, Wajua? Maajabu ya Mchemraba Mweusi Uitwao NeXT

Kuna kompyuta ambayo wengi wetu hatujawahi kuiona kwa macho, lakini matunda yake tunayala kila siku. Umbo lake ni mchemraba, rangi yake nyeusi ti, jina lake NeXT. Steve Jobs aliizindua jijini San Francisco, Marekani, tarehe 12 Oktoba 1988, miaka mitatu baada ya kuondoka Apple, kampuni aliyoshiriki kuiasisi. Karibu tuifunue.

Mbegu yake ilipandwa na mwanakemia

Wazo la kompyuta hii lilichipuka kwenye mazungumzo na Paul Berg, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1980. Profesa huyo wa Chuo Kikuu cha Stanford alimweleza Jobs jinsi majaribio ya vinasaba yalivyo ghali na ya polepole kwa wanafunzi. Jobs akauliza: kwa nini yasiigizwe ndani ya kompyuta? Tatizo ni kwamba mashine zenye ubavu huo vyuo havikuzimudu, na hapo ndipo Jobs alipoliona pengo la kuziba.

Nembo ilitangulia, kompyuta ikafuata

Nembo ya NeXT, jina la kompyuta na pia la kampuni ya Jobs iliyoitengeneza, iligharimu dola 100,000, na ilichorwa mwaka 1986, miaka miwili kabla ya kompyuta yenyewe kuonekana. Msanii wake, Paul Rand, ndiye aliyechora pia nembo ya IBM. Hakumletea mteja michoro mitatu achague mmoja. Alileta mmoja tu, umeinamishwa nyuzi 28, pamoja na kijitabu cha kurasa 100 cha kuutetea. Mtoto alishonewa nguo kabla hajazaliwa!

Rula ya shule inatosha kuipima

Chukua rula ya sentimita 30: huo ndio urefu wake, huo ndio upana wake, na hicho ndicho kimo chake. Ni futi moja kila upande. Ganda lake lilisubiwa kwa magnesiamu, metali nyepesi kuliko alumini. Kwa kawaida kitu cha kusubu hupanuliwa kidogo mdomoni, kama ndoo, ili kichomoke kwenye kalibu bila taabu. Jobs alikataa katakata: alitaka pembe za nyuzi 90 kamili. Ikabidi pande zake zitengenezwe kwa kalibu mbalimbali.

Ghali kuliko gari jipya, na haikuwa na rangi

Bei yake kwa vyuo vikuu ilikuwa dola 6,500, na printa yake ilidai karibu dola 2,000 nyingine. Miaka miwili tu nyuma, mwaka 1986, gari jipya la Hyundai Excel liliingia Marekani kwa dola 4,995! Na kwa fedha zote hizo, skrini ya NeXT ilionyesha nyeusi, nyeupe na aina mbili za kijivu, basi. Ila ukali wa picha yake ulikuwa wa kupigiwa mfano: nukta zaidi ya 930,000 kwenye skrini ya inchi 17. Skrini na printa zilitumia lugha moja ya uchoraji, PostScript, hivyo ulichokiona machoni ndicho kilichotoka kwenye karatasi.

Ilipiga muziki pamoja na binadamu

Siku ya uzinduzi, mpiga fidla wa Orkestra ya San Francisco alipanda jukwaani akapiga muziki wa Bach, na mwenzake wa kuitikia alikuwa kompyuta. Siri ilikuwa chipu ya pekee ya Motorola, iliyowekwa kwa ajili ya kukokotoa mawimbi ya sauti, ikaiwezesha NeXT kutoa sauti safi kama ya CD. Kumbuka kwamba zama hizo kompyuta nyingi za ofisini zilichojua ni kulia "bip" tu.

Diski yake iliandikwa kwa mwanga na sumaku

Diski moja ya NeXT ilibeba megabaiti 256, sawa na diski laini 177 za kawaida. Miale ya leza ilipasha moto kinukta kidogo mno, kisha sumaku ikakigeuza upande uliotakiwa. Uzuri huo ulikuwa na gharama: kabla ya kuandika, mtambo ulilazimika kwanza kufuta, kama mwalimu anayefuta ubao kabla ya kila sentensi. Watumiaji wakachoka kusubiri, na diski kuu za kawaida zikarudi kushika nafasi yake.

Ujumbe wa sauti kabla ya WhatsApp

Unapobonyeza kitufe na kumrekodia rafiki ujumbe wa sauti, unafanya jambo ambalo watumiaji wa NeXT walilifanya kitambo. Programu yake ya barua pepe iliruhusu kurekodi sauti na kuituma ndani ya barua. WhatsApp ilileta ujumbe wa sauti mwaka 2013, robo karne baada ya uzinduzi wa mchemraba huu.

Wavuti nzima ya dunia iliishi ndani yake

Hapa ndipo penye utamu wenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1990, katika kituo cha utafiti cha CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, Mwingereza Tim Berners-Lee alitumia NeXT kuandika kivinjari cha kwanza na kuendesha seva ya kwanza ya wavuti duniani. Juu ya ganda alibandika karatasi yenye onyo la wino mwekundu: mashine hii ni seva, isizimwe. Lilikuwa onyo la kweli kabisa. Mtu angeichomoa kwenye umeme, tovuti zote za dunia zingezimika, maana zote zilikuwa humo! Tarehe 30 Aprili 1993 CERN iliutoa uvumbuzi huo bure kwa kila mtu.

Doom ilizaliwa humo

Mchezo wa Doom, uliowakosesha usingizi vijana wa mwaka 1993, uliuzwa kwa ajili ya kompyuta za kawaida za DOS, lakini waandishi wake wa id Software waliutengeneza kwenye kompyuta za NeXT. Walizipenda kwa sababu mfumo wake, NeXTSTEP, uliwapa zana za kuunda programu haraka. Berners-Lee naye aliusifu kwa sababu hiyohiyo.

Kiwanda kikubwa, wateja wachache

Kiwanda cha NeXT huko Fremont, California, kilijaa roboti na kilijengwa kiweze kutoa kompyuta 150,000 kwa mwaka. Maisha yake yote, kampuni iliuza takribani 50,000 tu, yaani theluthi moja ya kazi ya mwaka mmoja! Mwaka 1993 iliacha kabisa kutengeneza mashine, ikabaki na programu zake.

Na bado inapumua mfukoni mwako

Programu hizo ndizo zilizogeuka dhahabu. Desemba 1996, Apple ilitangaza kuinunua NeXT kwa takribani dola milioni 400, na Jobs akarudi nyumbani. NeXTSTEP ikawa msingi wa Mac OS X mwaka 2001, kisha wa programu za iPhone mwaka 2007. Ushahidi upo mpaka leo: waandishi wa programu za simu hizo hukutana na majina kama NSString na NSArray. Herufi hizo mbili za mwanzo, N na S, ni kifupi cha NeXTSTEP.