Mbowe, Lissu na swali la Mikumi: Ni nani anayeuzika?

KATIKA msamiati wa siasa zetu limo neno moja lililotoka sokoni na kuingia vikaoni bila kupiga hodi, nalo ni "kuuzika". Mgombea ama anauzika, ama hauziki. Mwishoni mwa mwaka 2024 neno hilo lilitawala mjadala ndani ya Chama cha Demokrasia na Maendeleo (CHADEMA), pale mwenyekiti wake wa tangu mwaka 2004, Freeman Mbowe, na makamu wake kwa upande wa Bara, Tundu Lissu, walipojikuta wakikiwania kiti kimoja.

Lissu alitangaza nia yake Desemba 12, 2024. Mbowe akajibu Desemba 21 kwamba naye hang'oki. Mwezi mmoja baadaye, katika mkutano mkuu uliofanyika ukumbi wa Mlimani City, Dar es Salaam, na matokeo yake kutangazwa asubuhi ya Januari 22, 2025, Lissu alipata kura 513, Mbowe 482, na mgombea wa tatu, Odero Charles Odero, akaambulia kura moja. Kura tatu ziliharibika. Laiti wajumbe 16 tu kati ya waliompigia Lissu wangehamia upande wa pili, historia ingesomeka kinyume.

Makala haya hayakusudii kurudia ugomvi ule wala kugawa haki kati ya wawili hao. Yanakusudia kulifafanua swali lililozungumzwa kwa jazba nyingi na kwa hoja chache: uchaguzi wa kiongozi wa chama una uzito gani pale mwananchi wa kawaida anaposimama peke yake mbele ya sanduku la kura? Kwa ajili hiyo tuichukue Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, yenye majimbo mawili yanayopakana, Kilosa na Mikumi.

Kwanza tuzitazame hoja zilizotolewa. Waliomuunga mkono Mbowe walisema kwamba takwimu zinajieleza zenyewe. Mwaka 2005 yeye mwenyewe aligombea Urais akapata asilimia 5.88 ya kura. Mwaka 2010 chama kikamsimamisha Dk. Willibrod Slaa, kikapanda hadi asilimia 27. Mwaka 2015 Edward Lowassa akakifikisha karibu asilimia 40. Huyo ndiye mwenyekiti aliyekikuza chama, walisema, na Lissu aliposimama mwaka 2020 kikaporomoka hadi asilimia 13.

Upande wa Lissu haukuzikubali hesabu hizo. Ulidai kwamba matokeo ya 2020 si kipimo cha kukubalika kwa mtu yeyote, kwa kuwa upinzani ulikwishayakataa. Ulimkumbusha kila msikilizaji kwamba mtu wao alimiminiwa risasi mjini Dodoma Septemba 7, 2017, akatibiwa Nairobi kisha Ubelgiji, na bado akarudi kugombea. Ulisema pia kwamba maridhiano na Serikali, yaliyoanza baada ya Mbowe kutoka mahabusu Machi 2022, yalikuwa yamezaa kidogo mno: mikutano ya hadhara iliruhusiwa tena Januari 2023, lakini katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 CCM ikatangazwa kushinda kwa zaidi ya asilimia 98.

Pande zote mbili zilikuwa na la kusema. Hata hivyo, hoja ya takwimu ina tundu kubwa. Katika chaguzi zote tatu za 2010, 2015 na 2020, mwenyekiti wa CHADEMA hakuwa mgombea Urais. Slaa alikuwa katibu mkuu. Lowassa alikuwa kada wa CCM hadi Julai 2015, alipohama baada ya jina lake kukatwa Dodoma, na kuja kwake kukamwondoa Slaa huyo huyo katika siasa za chama. Lissu naye mwaka 2020 alikuwa makamu mwenyekiti. Katika CCM tumezoea kuona Rais na mwenyekiti wa chama wakiwa mtu mmoja, na mazoea hayo yametufanya tuamini kwamba anayemchagua mwenyekiti amekwisha kumchagua mgombea. Upinzani haukuwa hivyo.

Sasa twende Kilosa.

Oktoba 25, 2015 wapiga kura wa majimbo haya mawili walipewa karatasi ya Urais yenye majina yale yale. Mwenyekiti wa CHADEMA alikuwa mmoja, mgombea wake mmoja, na makubaliano ya Umoja wa Katiba ya Wananchi (UKAWA), yaliyolenga vyama vinne visigawane kura, yalikuwa ya nchi nzima. Hata mkurugenzi wa halmashauri alikuwa mmoja. Jimbo la Kilosa likampa ubunge Mbaraka Bawazir wa CCM. Jimbo la Mikumi likampa Joseph Haule wa CHADEMA, ambaye nchi nzima inamfahamu kwa jina la Profesa Jay.

Ikiwa sura ya kiongozi wa taifa ndiyo inayouza, kwa nini iuze Mikumi na isiuze Kilosa?

Jibu la haraka ni umaarufu. Haule alikuwa amekwisha kuingia kila kibanda chenye redio miaka mingi kabla ya kuingia katika siasa, na mojawapo ya nyimbo zake zilizotamba, "Ndio Mzee", ilikuwa ya kumkejeli mwanasiasa anayeahidi kila kitu jukwaani. Ni kichekesho cha aina yake kwamba mtu aliyeyafanyia mzaha majukwaa alipanda jukwaa na akaaminiwa. Lakini wasanii wengi wamegombea nchini na kuangushwa. Umaarufu peke yake haujawahi kutosha.

Kwa mtazamo wa mwandishi wa makala haya, tofauti ilikuwa katika ardhi yenyewe. Mikumi ni jimbo la njia panda. Barabara kuu ya Zambia inapita katikati ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964 na kuingia mjini, na pale pale inachepuka barabara ya kwenda Kidodi, Ruaha na Ifakara. Madereva, wauza chakula, vibarua wa mashamba ya miwa na wakulima wanaokiuzia miwa kiwanda cha sukari cha Kilombero, kilichobinafsishwa mwaka 1998, wote wanakutana humo. Ni watu wenye madai dhahiri: bei ya miwa, sukari ya nje inayoporomosha soko, tembo wanaotoka hifadhini na kula mahindi ya mwaka mzima kwa usiku mmoja. Wengi ni vijana, na wengi wametoka mikoa mingine, kwa hiyo hawakufungwa na uaminifu wa kifamilia kwa chama chochote.

Tena Mikumi haikuwa peke yake. Fuata barabara ile ile kuelekea kusini: mwaka huo huo jimbo la Kilombero lilikwenda kwa Peter Lijualikali na Mlimba kwa Susan Kiwanga, wote wa CHADEMA. Majimbo matatu yaliyofuatana barabarani si sadfa. Yanaonyesha matawi yaliyofanya kazi kijiji kwa kijiji, katika eneo ambalo malalamiko kuhusu ardhi na mazao yalikwishakomaa kabla ya Lowassa kuhama.

Kilosa ni hadithi nyingine. Mji wake ulizaliwa na reli na ukakua na mkonge. Kimamba na Rudewa bado zinabeba kumbukumbu ya mashamba yale makubwa. Matatizo yake ni mazito pengine kuliko ya Mikumi. Desemba 2000 watu zaidi ya 30 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika mapigano ya wakulima na wafugaji, na mwishoni mwa mwaka 2009 Mto Mkondoa ulivunja kingo zake na kuwaacha maelfu bila makazi. Lakini matatizo ya aina hiyo humsukuma mpiga kura amtafute mtu anayefika kwa mkubwa haraka. Mustafa Mkulo, mbunge wa Kilosa kuanzia 2005 hadi 2015, alikuwa Waziri wa Fedha kati ya mwaka 2008 na 2012. Mwaka 2020 jimbo likaenda kwa Profesa Palamagamba Kabudi, naye akiwa waziri. Kwa mpiga kura wa namna hiyo, ni nani anayeongoza chama cha upinzani ni habari ya mbali sana.

Mwaka huo huo wa 2020 Haule aliipoteza Mikumi kwa Dennis Londo wa CCM. Je, kilichomwangusha ni Lissu aliyekuwa juu ya karatasi ya Urais? Ni vigumu kusema hivyo. Nchi nzima CHADEMA ilipata jimbo moja tu, Nkasi Kaskazini. Lijualikali alikuwa amekwisha kuhamia CCM. Panapoanguka kila mtu, wale waliokuwa maarufu na wasiokuwa maarufu, wachapakazi na wavivu, haiwezekani kumnyooshea kidole mtu mmoja na kusema huyu ndiye hakuuzika.

Lipo jambo la pili ambalo mjadala wa Januari 2025 uliligusa kwa mbali. Wanaochagua kiongozi wa chama si wanaochagua mbunge au Rais. Mjumbe wa mkutano mkuu ni mtu aliyekwisha kukipenda chama. Amekipigania, pengine amelala rumande kwa ajili yake. Humpima kiongozi kwa msimamo. Mwuza nyanya wa Dumila humpima kwa kitu kingine kabisa. CCM inalijua tatizo hili vizuri: baada ya kura zake za maoni za Julai 2020, watia nia walioangushwa na wajumbe waliowakirimu vizuri waliingia mitaani na msemo uliogeuka utani wa taifa, kwamba wajumbe si watu.

Utani huo una uchungu ndani yake kwa sababu katika nchi yetu mlango ni mmoja. Katiba haimruhusu mgombea binafsi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua mwaka 2013, katika shauri alilokuwamo Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba zuio hilo linakiuka haki; zuio likabaki. Kwa hiyo kijana wa Ulaya au Kisanga anayetaka ubunge hana budi kupita kwenye chama, na ndani ya CHADEMA uteuzi wa mwisho unafanywa na Kamati Kuu, ambayo mwenyekiti wake ndiye mwenyekiti wa chama. Hapa ndipo uchaguzi wa Mlimani City ulipoigusa Mikumi kweli kweli. Kiongozi mpya huamua nani apewe bendera ya chama, na zaidi ya hapo, kama bendera itapandishwa kabisa.

Jambo hilo la mwisho ndilo lililotokea. Lissu na makamu wake mpya, John Heche, waliingia ofisini na msimamo kwamba bila mabadiliko hakuna uchaguzi. Aprili 9, 2025 Lissu alikamatwa Mbinga, mkoani Ruvuma, na siku iliyofuata akasomewa shtaka la uhaini. Aprili 12 chama hakikusaini maadili ya uchaguzi, na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ikatangaza kwamba hakitashiriki. Mwezi Mei kundi la viongozi waliotaka kushiriki likahamia CHAUMMA, ambacho kilimsimamisha Salum Mwalimu kuwania Urais, na mgombea mwenza wake akawa Devotha Minja, aliyewahi kuwa mbunge wa viti maalumu wa CHADEMA kutoka Morogoro.

Waliosema Mbowe angeshiriki uchaguzi huenda walisema kweli. Swali ambalo hawakulijibu ni angeshiriki ili apate nini, wakati miezi miwili tu kabla ya mkutano mkuu karibu kila kijiji cha nchi kilikuwa kimetangaziwa mshindi mmoja. Na waliosema Lissu angeibana Serikali hawakumweleza mwanachama wa Kidodi atafanya nini na kadi yake ya mpiga kura iwapo Serikali haitabanika. Hilo la pili, kwa maoni yangu, lilikuwa pungufu kubwa zaidi, kwa kuwa kususia ni uamuzi unaohitaji maandalizi ya matawi kuliko hata kushiriki. Chama kilichokwenda kwenye mkutano kikiwa nusu kwa nusu hakikuwa na muda wa kuyafanya.

Oktoba 29, 2025 siku ya kupiga kura iliishia katika maandamano, vifo na kuzimwa kwa intaneti. Tume ilimtangaza Rais Samia Suluhu Hassan mshindi kwa asilimia 97.66. Huko Mikumi, kwenye jimbo ambalo miaka kumi nyuma liliwahi kumwondoa mgombea wa chama tawala kwa karatasi tu, jina la CHADEMA halikuwamo ndani ya karatasi. Kama Lissu akiwa mwenyekiti anauzika pale au hauziki, hakuna mpiga kura aliyeulizwa.