Sosi ya korosho iliyomrudisha mume wangu mezani

Miezi saba ya kwanza ya ndoa niliamini mume wangu hapendi mapishi yangu. Kila Ijumaa nilijitutumua na makaroni ya sosi ya jibini, ile ambayo wengi tunaiita chizi, na kila Ijumaa alikula vijiko vitatu, akasema ameshiba, akatoka kwenda kupunga upepo Raskazone. Shosti, nilishaanza kuwaza mengine. Nani anamlisha huko?

Kumbe tumbo! Nilipombana akaniambia, kwa aibu kama mtoto, kwamba akinywa maziwa tumbo linajaa gesi, linanguruma, anakimbilia chooni. Eti hakutaka niumie. Wanaume bwana! Nimelia usiku mzima kwa jambo ambalo lingeisha kwa sentensi moja.

Wala si yeye peke yake. Maziwa yana sukari iitwayo laktosi, na mwili huivunja kwa kimeng'enya kiitwacho laktasi. Utotoni tunacho cha kutosha, ila ukubwani kinawapungua watu wengi duniani. Hapo laktosi inafika utumbo mpana ikiwa nzima, bakteria wanaichachua, na gesi ndiyo hiyo. Mwaka 2007 watafiti walioongozwa na Sarah Tishkoff wa Marekani walichapisha uchunguzi wao wa Tanzania, Kenya na Sudan. Waligundua mabadiliko ya vinasaba yanayomwezesha mtu mzima kuendelea kumeng'enya maziwa, nayo yalionekana zaidi kwa jamii za wafugaji. Mume wangu ni mtoto wa Pangani, ukoo wa wavuvi. Jaza mwenyewe.

Jibini lililokomaa lina laktosi kidogo tu. Tatizo la sosi yangu lilikuwa yale maziwa nusu lita niliyokuwa nakorogea.

Basi nikaenda sokoni Ngamiani kutafuta korosho. Chukua kikombe kimoja, nyeupe, zisizokaangwa wala kutiwa chumvi. Vipande vinatosha, bei nafuu na blenda haijali. Ila nunua zilizobanguliwa, usijitie ufundi wa kubangua mwenyewe, maana ganda lina mafuta yanayounguza ngozi. Ziloweke kwenye maji ya moto nusu saa, au usiku kucha kama blenda yako imezeeka kama yangu, kisha mwaga maji.

Saga pamoja na kikombe cha tui jepesi, punje mbili za kitunguu swaumu, vijiko viwili vya chakula vya maji ya ndimu, nusu kijiko cha chai cha bizari ya manjano, chumvi, na pilipili mbuzi moja iliyotolewa mbegu. Usisahau ndimu. Ndiyo inayoleta ule ukali wa jibini, bila hiyo utakula uji wa korosho. Na tui liwe jepesi kweli. Mara ya kwanza nilitumia tui la kwanza, zito, mume akaonja akauliza, "Mpenzi, samaki yuko wapi?" Ilikuwa mchuzi wa kupaka kabisa!

Bandika kwenye moto mdogo, koroga bila kuacha dakika tano hivi. Korosho zenyewe zinaifanya iwe nzito. Ikizidi, ongeza maji kidogo. Mwagia makaroni, chipsi au mihogo ya kukaanga. Kwenye friji inakaa siku tatu.

Uliza wageni kwanza, wapo ambao korosho zinawadhuru vibaya. Na usidhani imechukua nafasi ya maziwa kwa mifupa yako, kwa hilo kula dagaa.

Mwezi uliopita mama mkwe alitutembelea kutoka Pangani. Akachovya muhogo, akatafuna polepole, mimi nimeshika pumzi.

"Mwanangu, pilipili imezidi ndimu," akasema. Kisha akalivuta bakuli upande wake.