Lubumbashi: Fukusi katika saki ya mahindi, namna gani kuzizuia?

Bei ya unga ikipanda, zaidi wakati Zambia inazuia mahindi kuvuka Kasumbalesa, jamaa nyingi za Katuba ao Kenya hujikaza kununua saki nzima na kuiweka nyumbani. Miezi miwili kisha, saki inafunguliwa: vumbi, mashimo, na bidudu bidogo byeusi binapanda ukuta. Makuta imepotea.

Wengi wanafikiri fukusi ziliingia zikitoka inje. Mara nyingi zilikuja na mahindi yenyewe toka sokoni. Jike anatoboa punje, anatia yai ndani, anaziba tundu. Mtoto wake anakula punje kwa ndani bila kuonekana, na wakati wa joto, kiisha wiki 5 hivi, fukusi nzima inatoka. Ndiyo maana kupepeta hakumalizi kazi: kunatoa wakubwa, mayai inabaki.

Dawa nzuri ni kunyima fukusi hewa. Chukua bidon safi ya plastiki yenye kukauka, jaza mahindi ao maharagi mpaka mdomoni, weka kipande cha nailoni chini ya kifuniko, kaza. Fukusi za ndani zitamaliza oksijeni na kufa. Usiifungue kila siku, hapo ndipo watu wengi wanaharibu. Meka ya kula wiki hii ikae kando. Mifuko ya PICS, nailoni mbili ndani ya saki ya kawaida, inafanya kazi ileile.

Lakini mahindi iwe kavu kabisa. Tia punje kidogo na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, tikisa: chumvi ikishika kwenye chupa, rudisha mahindi kwenye jua. Yenye maji ikifungwa itafanya ukungu, na sumu ya ukungu haitoki hata ukipika bukari muda mrefu. Binkubala na ndagala nazo zirudie juani mara kwa mara. Unga, afazali kununua kidogo kidogo; konjelateri ingesaidia, lakini na umeme huu wa kukatika!

Kuna wanaotia ndani ya saki vile vidonge vya kuua bidudu vya depo. Hapo ni hatari kubwa. Kidonge kikikutana na unyevu wa hewa kinatoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo inaua watu wenye kulala chumba kimoja na saki, watoto mbele. Hakuna dawa ya kuivunja nguvu mwilini. Kama kimekwisha kutiwa, toeni watu wote inje, acheni milango wazi, na mwenye kutapika ao kukosa pumzi apelekwe hospitali palepale.